Krizi ya pumu: kile pompi ya buluu haifanyi

Wiki hii ni zamu yangu kuandika hapa, na niliombwa nilete kitu cha fani yangu. Mimi nilimaliza biolojia ya tiba, kazi ya labo. Nimechagua pumu, ile nyumbani tunaita asma, juu niko na deni nayo.

Hapa Goma ninaishi na yaya yangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Pumu yake haikuanza utotoni, ilimkamata akiwa na miaka zaidi ya thelathini, na hiyo peke yake ilifanya familia isiamini. "Asma ni ya batoto. Weye uko na baridi tu." Daktari alimwandikia pompi mbili, moja ya buluu na moja ya kahawia. Ya kahawia ilipoisha ikawa ngumu kupata, na bei yake ilikuwa juu, tukaiacha. Ya buluu, mimi njo nilikuwa nainunua. Mwanzoni moja kwa miezi mitatu. Halafu moja kila mwezi. Halafu hata mwezi haukuisha. Kila nilipotoka famasi na ile boksi ndogo mfukoni nilijiona ndugu mzuri.

Ikafika mwisho wa Juni. Kiangazi kimeanza, vumbi nyeusi ya mawe ya volkano iko kila mahali, na nusu ya wanafunzi wake walikuwa na mafua. Naye akayapata. Siku ya tatu alianza kukohoa, akavuta pompi asubuhi, saa sita, saa tisa. Saa nne ya usiku akavuta tena, kifua kikafunguka, akalala. Na mimi nikalala. Saa kumi ya usiku nikasikia anagonga ukuta. Nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Maneno yalitoka moja moja: "Pompi... haifanye... kitu."

Tulipata motari. Kituo cha kwanza walimpiga sindano ya aminofilini wakatuambia tungoje. Tukangoja, hakukuwa na oksijeni. Hospitali ya pili walimpa oksijeni, salbutamoli ya kuvuta kwa mashine na kortikoidi ya sindano. Asubuhi, alipoanza kusema sentensi nzima, daktari wa zamu aliniuliza anamaliza pompi ngapi. Nikajibu karibu kwa majivuno: zaidi ya moja kwa mwezi, docta, hazikosi nyumbani. Aliniangalia kidogo. "Na ya kortikoidi?"

Sikuwa na jibu. Na mimi ndiye yule aliyepata pointi nzuri kwa mtihani wa imunolojia, aliyechora interlukini zote na mishale yake kwenye karatasi. Mishale ile sikuwahi kuiweka ndani ya kifua cha yaya.

Sasa tuingie humo ndani.

Njia ya hewa ni bomba lenye tabaka. Ndani kabisa kuko ngozi laini ya seli, inayoguswa na kila kitu tunachovuta. Chini yake kuko mishipa midogo ya damu na seli za kinga. Nje kuko misuli inayozunguka bomba kama mkanda. Wakati wa krizi mambo matatu yanaziba hewa pamoja: mkanda unakaza, ukuta unavimba, na makohozi mazito yanajaa katikati. Karibu watu wote wanajua la kwanza. Pompi ya buluu, ambayo ni salbutamoli, inafanya kazi kwa hilo la kwanza tu. Inalegeza misuli kwa dakika chache na inashikilia saa nne hadi sita. Ukuta uliovimba inauacha vile ulivyo. Makohozi pia.

Sasa uvimbe huo, ile kitu tunaita inflamasio, unatoka wapi? Mtu wa Goma ataelewa haraka. Usiku bandi wakiingia kwenye avenyu, nyumba ya kwanza inapiga masufuria. Jirani anasikia, naye anapiga, watu wanatoka na fimbo na tochi. Ngozi ya ndani ya njia ya hewa ni ile nyumba ya kwanza. Ikiguswa na virusi, moshi wa makala, vumbi au kinyesi cha vijidudu vya godoro, seli zake zinatoa kelele yake: protini ndogo zinazoitwa TSLP, IL-33 na IL-25. Hizo bado hazipigani na mtu. Zinaamsha wengine.

Wanaoamka ni lemfosite za aina ya Th2 na ndugu zao ILC2. Hao nao wanatuma ujumbe mitatu ambayo wanafunzi wa tiba wanaikariri kama wimbo: IL-4, IL-5, IL-13. Mtihani ukiisha tunaisahau, lakini kila mmoja una kazi unayoweza kuisikia kwa masikio ukikaa karibu na mgonjwa. IL-13 inaambia seli za ukuta zitengeneze makohozi mengi na mazito, kile kikohozi cha kunata. IL-5 inaita eozinofili kutoka uboho wa mifupa na kuzifanya ziishi muda mrefu. Eozinofili zimebeba sumu ya kuua minyoo, zinaimwaga, na hapa hakuna mnyoo, inaunguza ngozi ya njia ya hewa yenyewe. IL-4, pamoja na IL-13, inaagiza lemfosite B zitengeneze kingamwili ya IgE.

IgE inakwenda kukaa juu ya mastosite, seli zilizojaa mifuko ya kemikali, kama mtego uliotegwa. Kile kitu mwili unachokikataa kikirudi (manyoya ya paka, mende, vumbi ya godoro) kinashika IgE mbili kwa mara moja na mastosite inafunguka. Histamini inatoka, lekotrieni zinatoka, prostaglandini D2 inatoka. Dakika chache tu, misuli imekaza na kifua kinapiga filimbi. Mtu anavuta buluu, inafunguka, anasema imeisha.

Kumbe kwa wengi haijaisha. Saa nne mpaka nane baadaye wimbi la pili linaweza kuja, maana eozinofili na lemfosite zilizoitwa mara ya kwanza zilikuwa bado njiani. Hili la pili ni uvimbe na makohozi zaidi kuliko misuli, kwa hiyo buluu inapata kazi ndogo ya kufanya.

Kwa yaya mwanzo ulikuwa mafua, si paka. Virusi vya mafua ya kawaida, hasa vile vinavyoitwa rinovirusi, ni kati ya sababu kubwa za krizi hata kwa watu wazima. Vinaingia ndani ya zile seli za ngozi zenyewe, na masufuria yanapigwa siku nzima, siku mbili, tatu. Krizi ya namna hii haishuki kama radi. Inajengwa. Ile mara kwa mara ya kuvuta pompi, asubuhi, saa sita, saa tisa, ilikuwa inatuonyesha inajengwa, na sisi tulihesabu kila mvuto kama ushindi. Ongeza kwamba usiku kortizoli ya mwili inashuka, na njia za hewa kwa kawaida zinakuwa nyembamba zaidi karibu na saa kumi ya alfajiri. Saa ile ile aliyogonga ukuta.

Niseme pia, kwa haki, kwamba pumu si ugonjwa mmoja. Kuko watu wazima ambao hawana alerji yoyote na bado eozinofili zimewajaa. Kuko wengine ambao uvimbe wao unaongozwa na neutrofili, hasa wavutaji wa sigara, na kwao kortikoidi inasaidia kidogo kuliko kwa wengine. Kuko pia wale ambao tembe ya aspirini au ibuprofeni inawaletea krizi, juu inasukuma mwili utengeneze lekotrieni nyingi. Na propranololi, dawa ya presha na moyo, inaweza kuwafungia kabisa kifua. Kama uko na pumu, mwambie kila anayekuandikia dawa, hata ya meno.

Turudi kwa buluu, maana hapa njo deni langu liko.

Uingereza walifanya kitu ambacho ningependa tufanye siku moja: walichukua vifo vya pumu na kuvichunguza kimoja kimoja. Ripoti ilitoka mwaka 2014, watu 195 waliokufa. Kati ya wale waliokuwa wanatumia pompi ya kufungua na hesabu yao ikajulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 kwa mwaka mmoja. Zaidi ya moja kwa mwezi. Niliposoma namba hiyo niliweka simu chini. Na karibu nusu ya wale 195 walikufa bila kuita msaada, au kabla msaada haujafika. Nchi yenye ambulansi.

Zamani zaidi, New Zealand, vifo vya pumu vilipanda ghafla kuanzia mwaka 1976, baada ya pompi ya fenoteroli kuingia sokoni. Hiyo ni dawa ya familia moja na salbutamoli, ila yenye nguvu zaidi. Ilipoondolewa kwenye orodha ya dawa za serikali, vifo vilishuka. Mabishano yalikuwa makali, na salbutamoli si fenoteroli. Lakini swali lilibaki, na mwaka 2019 kamati ya kimataifa ya pumu, GINA, ilibadilisha mashauri yake: mtu mzima au kijana asitibiwe kwa pompi ya kufungua peke yake, hata kama pumu yake ni nyepesi. Kila mmoja apate na kortikoidi ya kuvuta. Mimi nilisoma chuo baada ya mwaka huo. Sikumbuki mtu kunitajia.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza, ukivuta buluu kila siku, vipokezi vyake kwenye misuli vinachoka, na siku ya hatari inakujibu kidogo. Ya pili ni ya kibinadamu: inakupa nafuu ya haraka, na nafuu hiyo inaficha moto unaopanda chini yake. Mtu anachelewa kwenda hospitali juu bado iko na pompi.

Kortikoidi inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Molekuli yake inaingia ndani ya seli, inashika kipokezi, wanaingia pamoja mpaka kwenye kiini, mahali jeni ziko. Huko inazima zile zinazoandika IL-4, IL-5, IL-13 na jamaa zao. Yaani inanyamazisha masufuria. Lakini kubadilisha maandishi ya jeni kunachukua saa kadhaa. Ndiyo maana hospitali wanaitoa mapema, katika saa ya kwanza ya krizi kubwa, hata kama haionyeshi kitu papo hapo. Mtu mzima anapewa prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa kawaida siku tano hadi saba, na tembe inafanya kazi vizuri kama sindano ikiwa mgonjwa anaweza kumeza. Aminofilini ya mshipa, ile tuliyopewa kituo cha kwanza, mashauri ya leo hayaipendekezi kwa krizi. Tofauti kati ya kipimo kinachosaidia na kinachovuruga moyo ni ndogo sana. Siwalaumu wauguzi wa ule usiku. Walitoa walichokuwa nacho kwenye kabati.

Hofu ya kortikoidi kwetu ninaielewa. Tunazijua kupitia zile tembe za deksametazoni watu wanameza ili wanenepe mashavu na makalio kabla ya harusi. Yaya mwenyewe aliniuliza: "Sitavimba sura?" Tembe za miezi mingi, ndiyo, zinavimbisha, zinapandisha sukari na presha, zinadhoofisha mifupa. Pompi ni jambo lingine. Kipimo chake kinahesabiwa kwa mikrogramu na kinakwenda moja kwa moja mahali kinahitajika. Madhara ya kawaida ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza, na kwa mwalimu sauti si jambo dogo. Kusukutua maji na kuyatema baada ya kila mvuto kunapunguza sana hilo.

Rangi zisiwadanganye, kila kiwanda kina zake. Soma jina. Salbutamoli ndiyo ya kufungua. Beklometazoni, budesonidi, flutikazoni ndizo kortikoidi. Na kuko inayochanganya budesonidi na formoteroli ndani ya pompi moja: inafungua haraka na inatuliza uvimbe kwa mvuto ule ule. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye famasi zetu, hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa wale wa labo wenzangu, neno moja kuhusu dawa mpya. Omalizumabu, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2003, inashika IgE. Mepolizumabu, 2015, inashika IL-5. Tezepelumabu, mwisho wa 2021, inapanda mpaka juu na kushika TSLP, kelele ya kwanza kabisa. Mepolizumabu ilipojaribiwa mwanzoni kwa wagonjwa wa pumu kwa jumla haikuonyesha faida ya maana. Walipochagua wale tu wenye eozinofili nyingi, krizi zikapungua. Bei yake sitaiandika hapa, itawaharibia siku. Lakini hesabu ya eozinofili kwenye damu tunaweza kuifanya hapa hapa na darubini, na mara nyingi hakuna anayeiomba.

Sasa yale ya usiku wa manane. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, anayekaa ameinama mbele, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika au moyo unapita 120, huyo ni wa hospitali sasa hivi, si kesho. Akianza kusinzia au kuchanganyikiwa, ni mbaya zaidi. Na filimbi ya kifua ikinyamaza wakati mtu bado anahangaika, usishukuru Mungu bado: hewa inayopita haitoshi hata kupiga filimbi. Njiani, endelea na salbutamoli, mivuto minne hadi kumi kila dakika 20 katika saa ya kwanza, mmoja mmoja, mgonjwa akiwa amekaa wima. Usimlaze.

Na kuvuta kwenyewe, wengi tunavuta vibaya, dawa inagonga koo na kubaki hapo. Chemba ya plastiki inasaidia, na kama hakuna, chupa. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Afrika Kusini: kwa watoto wenye krizi, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ilifanya kazi sawa na chemba ya kununua. Tundu liwe la kukaza mdomo wa pompi bila hewa kupita pembeni. Mgonjwa anaweka shingo ya chupa mdomoni, unabonyeza mara moja, anapumua taratibu mara nne au tano, halafu mvuto mwingine. Niliitengeneza jikoni kwa kisu kilichopashwa moto. Ya kwanza niliiharibu.

Yaya sasa anavuta beklometazoni asubuhi na jioni. Mbabula tumeitoa nje ya nyumba, ingawa mvua ikinyesha mama anairudisha chini ya baraza na tunaanza kubishana. Buluu ya mwisho niliinunua Novemba na bado ina dawa ndani. Juzi alinipigia kutoka famasi: "Ya kahawia haiko, banasema bako na ya zambarau, nichukue?" Nikamwambia anisomee jina, herufi kwa herufi. Ilikuwa flutikazoni na salmeteroli, nguvu tofauti na ile aliyoandikiwa. Tukampigia docta kwanza, kaka wa famasi akiwa anangoja na boksi mkononi.